Kitanda cha Mehwish Kwenye Klampu

Asubuhi hiyo Jannat Bibi alipopeleka chai karakana, alimkuta mumewe akiranda ubao aliokwisha kuuranda jana. Aliweka kikombe juu ya meza ya kazi, mbali na maranda, akaketi kwenye kigoda chake karibu na jiko la gundi, akajifunika shali hadi vidoleni. Ukungu wa mto Chenab ulikuwa umeingia mpaka ndani na sakafu ilikuwa inauma miguu.

"Baba Sughra," alisema baada ya kitambo, "huo ubao umekukosea nini?"

"Naunyoosha."

"Ulinyooka jana. Ukiendelea hivyo, mjukuu wako atalala na kichwa cha kitanda chembamba kama papadi."

Fundi Allahyar hakucheka. Aliweka randa chini, akachukua zile mbao mbili, akazikutanisha ubavu kwa ubavu, akaziinua kuelekea dirishani na kufumba jicho moja. Hapakupita hata uzi wa mwanga. Akazishusha, akafuta miwani kwa ncha ya kanzu, akaziinua tena.

Mbao zenyewe zilikuwa za kutazamwa. Zilitoka kwenye mti wa shisham uliokuwa ukingoni mwa mfereji, nyumbani kwa binti yao Sughra, mti ambao watoto wote wa nyumba ile walifungiwa bembea matawini mwake. Upepo wa masika uliuangusha. Mkwe wao akaupakia kwenye trekta, akauleta kwao Chiniot, akasema: "Baba, binti yetu Mehwish anaolewa. Ukipatikana ubao humu, uwe wa kitanda chake." Wakaupasua, na ndani karibu wote ulikuwa umeoza. Ulipatikana ubao mmoja tu mzima na mpana. Allahyar aliupasua ubao huo kwa unene wake, akaufunua kama kitabu, na mistari ya upande huu ikatazamana na ya upande ule kama mtu na kioo chake. Miguu ya kitanda, mbavu zake na chaga zingenunuliwa sokoni. Ubao wa kichwani haukuwa na wa pili.

Zilibaki kuunganishwa katikati tu. Na hapo katikati ndipo palipokuwa na ugonjwa wa mzee yule.

Mtaa wao ni wa maseremala mwanzo hadi mwisho, na una desturi yake. Binti wa mtaa akiolewa, au mjukuu, siku ubao wa kichwani unapotiwa gundi na kufungwa kwenye klampu, mlango wa karakana huachwa wazi. Kila anayetaka kumwombea heri bibi harusi huingia, husema Bismillah, huzungusha mpini wa klampu kidogo, hupewa chai na halua ya karoti, akaenda zake. Wanawake huingia kwa mlango wa uani, wanaume kwa mlango wa barabarani. Aliyeazimisha klampu zake ndiye anayezungusha mwisho. Maana yake kila mtu anaielewa: wawili hawa washikane, wasiachane.

Ni desturi nzuri, ila gundi haiijui. Gundi ya ngozi inataka kubanwa kwa kiasi. Ikibanwa vizuri hutoa vitone vidogo vidogo kwenye maungio, vikajipanga kama mbegu za haradali, na ndani hubaki ya kutosha kushika. Ikibanwa kupita kiasi hutiririka yote nje, ikadondoka sakafuni, na mbao hubaki zimegusana kavu. Kwa macho utasema zimeungana. Joto la kwanza likija, kila moja inakwenda zake.

Ndivyo kilivyofanya kitanda cha Sughra.

Sughra alikuwa binti yao wa pekee, na baba yake alikuwa kipenzi cha watu. Siku ile walikuja hata wa ng'ambo ya soko. Jannat alikuwa anakoroga gundi, akaona kwa macho yake jinsi vitone vya haradali vilivyogeuka michirizi, michirizi ikawa matone mazito yanayopiga sakafu. Haji Umardaraz wa karakana ya mbele, mwenye klampu, alipofika zamu yake alichomeka bomba la chuma kwenye mpini ili apate nguvu zaidi, akaning'inia nalo. Watu wakampigia makofi. Allahyar alisimama pale akitabasamu na birika mkononi, na kila mpini ulipozunguka shingo yake ilikaza. Angesema nini? Mtu ametoka kwake na mkongojo, kwenye baridi, amwombee mwanao, umwambie asiguse?

Kiangazi cha kwanza ubao ule ukafunguka katikati. Mama mkwe wa Sughra hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki. Kila mgeni aliyekuja kumwona mwali alionyeshwa. "Tazameni, kitanda cha fundi wa Chiniot kinapiga miayo." Habari ilipomfikia, Allahyar alipanda basi na mfuko wa zana. Mama mkwe akampokea vizuri, akamwekea chakula, akamwambia, "Kiache tu, ndugu yangu. Sisi tumekizoea." Alirudi nyumbani, akazipanga zana moja moja mahali pake, akalala bila kula. Hakulitaja tena jambo lile, kwa mkewe wala kwa jirani. Yule mama mkwe sasa amekwishatangulia mbele ya haki, lakini jina lilibaki, na Mehwish mwenyewe alizaliwa kwenye kile wanachokiita mpaka leo kitanda cha miayo.

Jannat alinyanyua kifuniko cha chungu cha gundi, akachungulia, akakirudisha.

"Funga mlango basi," alisema. "Ziunganishe kimya kimya. Nitakushikia mimi."

"Nifunge mlango? Ili wajukuu zangu waitwe Shata?"

Jannat alijua hilo ni kweli. Babu yake Manzoor mchonga nakshi alishusha shata, ule mlango wa chuma wa karakana, siku ya kitanda cha binti yake, akisingizia mafua. Mpaka leo ukoo mzima unaitwa Shata. Manzoor Shata, mkewe Bashiran Shata, na mtoto wao mchanga, hata meno hajaota, tayari ni Shata mdogo.

"Halafu klampu nitatoa wapi?" aliendelea Allahyar. "Zangu ni fupi. Ndefu anazo Haji. Nikimwomba atauliza za nini."

"Mwambie za meza."

"Meza ya nani?"

"Ya mtu wa Faisalabad."

"Atauliza jina la huyo mtu." Mzee alikaa juu ya gogo, akachukua kikombe. "Na mimi sijui kudanganya, Mama Sughra. Nikidanganya masikio yananiwaka."

"Hilo nalijua. Ulipovunja bakuli langu la harusi ukasema ni paka, masikio yalikuwa kama pilipili."

"Na paka hatukuwa naye."

"Ndiyo maana nilicheka badala ya kulia."

Hapo mzee alitabasamu kidogo. Akanywa chai yake. Halafu akasema, akitazama ndani ya kikombe, "Mimi nimezeeka. Kitanda kingine cha mjukuu huenda nisikifanye. Hiki kikipiga miayo, Sughra atakuwa amechekwa kama mke, na sasa achekwe kama mama. Nitamtazamaje?"

Jannat alichukua kikombe kitupu akaenda zake uani kupika.

Alipika wali wa njegere. Maji yalipokauka alifunika sufuria, akatandaza makaa kidogo juu ya kifuniko, na katikati ya makaa akaweka jiwe lake la kusagia, kama anavyofanya siku zote ili mvuke usitoroke. Jiwe lile ni zito. Mkwe wao aliwahi kulibeba akalalamika kiuno. Jannat alilitazama akiwa amesimama na mwiko mkononi, akalitazama tena, halafu akaita.

"Baba Sughra. Hebu njoo uani."

"Wali umeiva?"

"Bado. Njoo uone jiwe."

Alikuja akipangusa vumbi la mbao kwenye ndevu. Jannat akamwonyesha.

"Jiwe hili limekaa juu ya wali wangu tangu nilipoolewa. Umewahi kula wali uliopondeka?"

"Sijawahi."

"Kwa nini haupondeki?"

"Kwa sababu kifuniko kinakaa juu ya ukingo wa sufuria," alisema Allahyar, kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Uzito wote unabebwa na..." Akalichuchumalia lile jiwe.

"Ongeza la pili, la tatu," alisema Jannat, "kinachobeba ni ukingo. Wali una raha zake. Sasa kitafutie kitanda cha Mehwish ukingo."

Mzee alikaa pale mpaka wali ukaanza kunukia kuungua na Jannat akamsogeza kwa goti. Alikuwa amekwisha kuuona. Klampu ndefu ni pau ya chuma yenye taya mbili, moja imezuiwa kwa pini, nyingine inasukumwa na skrubu, na mbao hukaa katikati ya taya hizo. Ukiweka ufito mgumu sambamba na pau, katikati ya taya zilezile, uwe mfupi kuliko upana wa mbao zote mbili kwa unene wa karatasi tu, skrubu itabana mbao kwanza mpaka gundi itoe vitone vyake. Halafu taya itagonga ncha ya ufito. Kuanzia hapo, kila atakayezungusha atakuwa anausukuma ufito.

"Lakini nitakuwa nawadanganya," alisema Allahyar wakati wa kula.

"Unamdanganya nani? Watazungusha, klampu itabana."

"Itabana ufito. Dua za watu ziende kwenye ufito, Mama Sughra?"

"Ufito wenyewe ni wa shisham. Tena wa mti uleule." Akamwongezea njegere. "Na Mungu unadhani hajui kutoka kwenye ufito kufika kwenye ubao? Kula."

Alikula. Jioni akavuka barabara kwenda kwa Haji Umardaraz kuomba klampu, na kabla hajarudi mtaa mzima ulikuwa umeshajua.

Usiku ule gundi ililowekwa na fito zikakatwa. Asubuhi Jannat aliipasha taratibu, chungu ndani ya sufuria ya maji, bila kuiacha ichemke, maana ikichemka inakufa. Mbao zikapashwa moto pande zote mbili zisije zikaishtua gundi kwa baridi. Sughra alikuwa ameshuka kwenye basi la kwanza na tayari alikuwa uani anakuna karoti, akisimulia habari za Mehwish aliyekataa kula kwa sababu ya furaha au woga, mwenyewe hajui. Hakuambiwa habari za fito. Allahyar alitaka kumwambia, akaona haya.

Walifanya kazi wawili, bila kusemezana, kama walivyozoea. Yeye alipaka, Jannat akashika. Klampu moja chini, moja juu, moja chini, moja juu, ubao usije ukajikunja. Kati ya kila ufito na ubao Jannat aliweka kipande cha gazeti visije vikagandana. Allahyar akakaza skrubu moja baada ya nyingine, polepole, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza, na vitone vikatoka. Vidogo, vya rangi ya asali, vimepangana kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haradali," alisema Jannat.

"Haradali," alisema Allahyar. Akaenda kufungua mlango.

Wakaja. Manzoor Shata alikuwa wa kwanza, akiwa na penseli bado juu ya sikio, akasema Bismillah, akazungusha mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Imeshika hasa," alisema, akihema. "Haisogei."

"Mkono wako huo, Manzoor," alisema Jannat kutoka kwenye kigoda chake. "Chukua chai."

Bashiran mkewe akaingia kwa mlango wa uani, akazungusha kwa mkono mmoja huku amembeba Shata mdogo kwa mwingine, akakishika kiganja cha mtoto kikagusa chuma, na mtoto akalia kwa sababu chuma kilikuwa baridi. Wakaja wapiga polishi, wakaja wauza bawaba, akaja mzee mmoja wa msikitini mwenye mikono inayotetemeka, ambaye alishika mpini kwa muda mrefu bila kuzungusha, midomo inacheza. Kila mmoja alikaza, na kila mmoja alihisi chuma kinagoma, akatoka amefurahi. Jannat alikuwa anatazama vitone. Havikuongezeka. Mumewe naye akaanza kugawa chai kama mtu mwenye shingo ya kawaida.

Halafu akaingia Haji Umardaraz, na bomba lake begani.

Haji ni pande la mtu, ndevu kapaka hina, sauti yake utaisikia ukiwa mwisho wa mtaa. "Jamani, nipisheni," alisema. "Huyu Mehwish nimembeba mimi begani akiwa hajui kutembea. Alinikojolea shali mpya. Leo namlipa."

Watu wakacheka, wakampisha. Akachomeka bomba kwenye mpini wa klampu ya katikati, akatema mate viganjani, akavuta.

Jannat aliuona ufito ukipinda. Mwanzoni kidogo, kama upinde wa mtoto. Fito zilikuwa zimehimili mikono ya mtaa mzima, lakini hakuna aliyezihesabia bomba. Ufito ule ukiruka, taya itakwenda mbele kwa nguvu yote ile na kuikamua gundi mpaka tone la mwisho. Haji akavuta pumzi kwa ajili ya mkupuo wa pili. Jannat akainuka. Hakuwahi kumgusa mwanamume mwingine wa mtaa ule maisha yake yote, lakini alinyoosha mkono akaushika mkono wa Haji ulioshika bomba.

"Shemeji," alisema. "Tafadhali. Hapo panatosha."

"Panatosha vipi, Jannat Bibi? Ndiyo kwanza naanza."

"Ukiongeza, huo ufito utaruka."

Haji akatazama. Alikuwa seremala kabla ndevu hazijamtoka, haikumchukua muda. Aliinama, akauona ufito wa kwanza, wa pili, akazifuata zote mpaka mwisho. Akalichomoa bomba taratibu, akaketi kwenye gogo, akaliweka juu ya magoti.

"Allahyar," alisema. "Hizi fito za nini?"

Masikio ya Fundi Allahyar yalikuwa yamekwisha kuwaka kabla hata hajafungua mdomo. "Ni za kuzuia taya."

"Kwa hiyo tumekuwa tukizungusha fito."

"Ndiyo, Haji."

"Mimi nimetoka jasho kwa ajili ya ufito?" aliuliza Manzoor Shata, na mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza.

Haji hakucheka. "Babu yake huyu alitufungia mlango," alisema. "Wewe umetufungulia, umetupa halua, halafu umetuwekea fito. Bora nani?"

Lilikuwa neno zito. Jannat alitaka kusema fito ni zake yeye, lakini mumewe alimzuia kwa jicho. Allahyar aliweka birika chini.

"Haji, siku ya Sughra ulikuja na bomba hilohilo."

"Nilikuja nalo. Kwa mapenzi."

"Najua. Nyote mlikuja kwa mapenzi. Gundi ikatoka yote, nikaiona inadondoka, nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mnanipenda. Kitanda kikafunguka kiangazi cha kwanza. Wakwe wakakiita kitanda cha miayo, mpaka leo kinaitwa hivyo. Nimekaa nalo hili moyoni. Sikutaka mjue, na sikutaka litokee tena. Mbao ni hizi tu. Kama nimekosa, nimekosa, lakini huyu mtoto mnampenda kuliko mbao zinavyoweza kuvumilia."

Pazia la mlango wa uani lilisogea. Sughra alikuwa amesimama hapo, mikono myekundu kwa karoti.

"Ni kweli, mwanangu?" aliuliza Haji.

"Kweli, Ami Haji."

"Kilifunguka sana?"

"Mwanzo ukucha ulipita. Siku hizi kidole."

"Na mimi kila Idi nakuuliza, Sughra, kitanda kizima? Unaniambia kizima, Ami, nguvu za mkono wako hizo."

"Ulikuwa unauliza kwa furaha, Ami. Ningekujibu nini?" Halafu akamgeukia baba yake, na sauti ikabadilika. "Mimi nilidhani umeshasahau, Baba. Nilikuwa sikitaji nisikukumbushe."

Allahyar alitazama chini.

Jannat akamgeukia Haji. "Shemeji, hebu niambie. Mbao zako za kazi, za wateja, unazibana kwa bomba?"

"Mimi?" Haji alishangaa kwa dhati. "Nina wazimu? Zitakauka gundi."

Manzoor Shata akaanza kucheka, mabega kwanza, na yule mzee wa msikitini akafuata kwa kicheko chembamba kisichokuwa na meno, na karakana yote ikalipuka. Haji aliwatazama mmoja mmoja, akalitazama bomba magotini, akatambua alichokisema. Ndevu za hina zikaanza kutikisika.

"Wewe mwanamke," alimwambia Jannat, akijifuta macho. "Wewe mwanamke."

"Kila mmoja wenu hapa anajua," alisema Jannat. "Akija mteja mnajua. Akija bibi harusi mnasahau wote kwa pamoja."

Haji aliliegemeza bomba ukutani, akainuka, akavaa miwani na kuinamia maungio. Alivitazama vitone kutoka ncha hadi ncha.

"Hii ni kazi safi," alimwambia Allahyar, bila kugeuka. "Lakini mimi dua yangu nataka niiweke kwenye ubao. Si kwenye ufito. Nipeni kazi nyingine."

Jannat alifikiri. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akampa. "Vitone vifutwe kabla havijaganda. Taratibu, usiisukume gundi ndani ya mistari ya mti."

Basi Haji Umardaraz, ambaye kiganja chake ni kama sahani, akapitisha kitambaa kile juu ya maungio kidogo kidogo, kama anayemfuta uso mtoto aliyelala, midomo ikisema maneno yake ya kimya. Alipofika katikati alimpa Manzoor Shata kitambaa. Manzoor akampa mpiga polishi. Bashiran akaja na kitambaa chake mwenyewe kutoka uani, safi, akisema cha wanaume kimeshakuwa kichafu. Waliobaki mlangoni wakapanga foleni, na halua haikutosha. Sughra akalazimika kukuna nyingine.

Asubuhi ya pili yake Haji alikuja kufungua klampu zake, maana kufungua pia ni haki ya mwenyewe. Alizilegeza moja moja, na kila taya iliporudi nyuma ufito wake ulianguka juu ya gazeti kwa sauti ndogo kavu. Allahyar na Haji wakausimamisha ubao kwa ubavu. Allahyar akaugonga kwa kifundo cha kidole huku, akaugonga kule, akaugonga katikati. Sauti ilikuwa moja.

"Njoo, Sughra," alisema.

Sughra alikuja akiwa na mikono iliyooshwa. Aliweka ukucha wa kidole gumba ukingoni mwa ubao, akautembeza kuvuka, polepole, mpaka ukingo wa pili. Akarudi nao. Akafika mahali akasimama.

"Maungio ni hapa?"

"Hapo ni mstari wa mti," alisema baba yake.

"Hapa je?"

"Hapo pia."

"Basi wapi?"

Allahyar alisogea, akainama, akafuta miwani kwa ncha ya kanzu. Akapitisha kidole. Akakipitisha tena, mara hii macho kayafumba.

"Ngoja," alisema.

"Fundi mwenyewe kapotea," alisema Haji, klampu begani, akicheka kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa mtaa. Alikwenda mpaka mlangoni, akasita, akarudi hatua kadhaa. "Jannat Bibi. Hizo fito, mna kazi nazo?"

"Unazitakia nini, shemeji?"

"Nauliza tu. Mjukuu wangu mkubwa ameposwa."

"Chukua," alisema Jannat. "Lakini bomba uliache hapa."

Haji akalitazama bomba lake pale lilipoegemea ukutani, akazikusanya fito kwapani, akatoka. Allahyar hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa bado ameinamia ubao, na Sughra amemwinamia begani, wanatafuta, kidole kwa kidole.

"Mkishapata mniambie," alisema Jannat, akisogeza chungu cha gundi kutoka motoni. "Chai inapoa."